Duara la Kantengwa

Dunia haikosi kazi za ajabu. Wapo wanaolipwa kuonja chai, na yupo Melkiory, anayelipwa kukumbatia miti. Miaka ishirini na miwili amepanda vilima vya Karagwe na Kyerwa, tepu kiunoni, akizungushia kila shina kwenye kimo cha kifua, aandike unene, ashuke, ahamie kilima kingine. Kwa namba zake, na picha za setilaiti, wakubwa hukadiria msitu umepungua kiasi gani na hewa ya ukaa kiasi gani imepanda angani. Miti aliijua mmoja mmoja. Watu, hapana. Mkewe alifariki Muleba, watoto wakaota mbawa, na katika chumba alichopanga Kihanga aliyemngoja jioni ni jiko la mafuta, nalo bovu.

Ndiyo maana duara namba kumi na nne, kipande cha msitu cha kupimwa juu ya Kaisho, alikuwa akilihesabia siku. Hupimwa kila baada ya miaka mitano, na jirani wa karibu ni Kantengwa, mjane mkulima wa maharage ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Rwanda. Mara ya mwisho mama huyo alimkuta amekumbatia mgunga, akamuuliza kama kwao wanawake wameisha.

"Mimi fundi cherehani, mama," Melkiory akajibu. "Hawa nawapima suti."

Wakacheka, wakala ndizi kwa maharage, wakacheka tena. Kicheko kile alikitafuna peke yake miaka mitano, kama mtu anayetafuna muwa uliokwisha maji.

Novemba hii alipofika mgongo wa kilima akasimama. Kwa mbali kulikuwa kijani, na kutoka angani bila shaka kijani zaidi. Lakini yalikuwa machipukizi na vichaka tu, vimeota juu ya visiki na majivu ya matanuri ya mkaa. Miti minene yote ilikuwa imekwenda. Yote, isipokuwa duara lake: mita kumi na tano kila upande, limesimama zima, kama kichwa alichokikimbia kinyozi kabla ya kumaliza. Na kila shina lilikuwa limefungwa kamba ya mgomba mkavu, vile wenyeji wafungavyo kitu chenye mwenyewe.

"Shikamoo, mama Kantengwa," akasema alipomwona akipanda kutoka shambani na jembe lake.

"Marahaba. Umechelewa, fundi. Na jinsi ulivyozeeka, ilikuwa nikuamkie mimi."

"Kamba hizi kafunga nani?"

"Unadhani nyani? Wachoma mkaa walikuja na mashoka. Nikawaambia kateni kwingine, hawa wana mtu wao. Mmoja akajifanya kidume. Nikamwonyesha jembe." Akajicheka mwenyewe, kisha sauti ikashuka. "Nilisema, wakiisha hawa, yule mtu atakuja kufanya nini huku?"

Melkiory akakaa kwenye kisiki. Hakuna mtu aliyewahi kumshikia jembe.

Lakini kosa lilikuwa lake. Kanuni ya kwanza ya kazi ni kwamba mwenyeji asijue duara lilipo. Katikati hufukiwa chuma tu, bila rangi, bila kibao. Duara ni kijiko cha kuonjea mchuzi: ukikitia chumvi pembeni, umejidanganya kuhusu chungu kizima. Na yeye, kwa uchu wa kuongea na mtu, alikuwa amemwonyesha mama wa watu mti mmoja mmoja.

Akawasha kishikwambi. Swali la tisa: Je, eneo hili limetunzwa tofauti na msitu unaolizunguka?

Akijibu hapana, migunga hii thelathini na mmoja itasemea kilima kizima na vilima vingine vya jinsi hii. Setilaiti itaitikia kijani, na taarifa itaandika kwamba huku hakujaharibika kitu. Naye miaka mitano ijayo atarudi, chakula kipo. Akijibu ndiyo, duara litafutwa kwenye orodha. Upande wa Kaisho hana jingine.

"Mbona umenuna? Nimewatunza vibaya?"

"Umewatunza vizuri mno, mama. Ndio ubaya wenyewe."

Akamweleza yote, pamoja na kosa lake. Kantengwa akasikiliza, mkono kiunoni, macho kwenye visiki. Alipomaliza, mama akauliza, "Na usipoandika, wale wa mkaa watasifiwa?"

"Hawatasifiwa. Itakuwa kama hawakupita."

"Na mimi ninayeteka maji mbali siku hizi kwa sababu yao?" Akatema mate pembeni. "Andika, wewe."

Akabonyeza ndiyo. Chombo kikamshukuru, kikajifunga.

Upepo ulipita kwenye vichaka bila cha kuuzuia.

"Kuja bila tepu," Kantengwa akasema, "kumekatazwa?"

Melkiory akaitazama tepu kiunoni mwake. Miaka mingapi hajabisha hodi mlango wowote bila fomu ya kumtuma?

"Hakujakatazwa. Nitakuja... maharage yakivunwa."

"Yanavunwa mwezi gani?"

Hakujua. Siku ile alipokula kwake, hakuuliza.

"Mwezi wa kwanza, mpima dunia," mama akasema, akiokota jembe lake. "Na usiape. Wengi wameniapia kwenye mlima huu."

Akashuka shambani bila kuaga. Melkiory akabaki kisikini, akiurudia mwezi ule kwa sauti ndogo, ili asiupoteze njiani.