Watu wa Bustani ya Mbele

Ofisini walimwita Bi Kivuli, kwa sababu picha yoyote ya nyumba ikiletwa mezani, cha kwanza alichotazama ni vivuli vimelalia upande gani. Zilikuwa picha za kompyuta, za majengo ambayo hata msingi haujachimbwa, na kazi yake ilikuwa kuzikosoa kabla mteja hajaziona. Alikosoa kwa utaratibu: kwanza sifa, kisha kasoro, kisha dawa. Sifa alizitoa kwa kijiko. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye maji hakuyataka.

Asubuhi hiyo mchoraji, jibaba moja lenye maskhara, alivuta kiti kando yake akafungua picha ya mwisho ya nyumba mpya za kupangisha. Mchana ilikuwa inakwenda kuchapwa, iwe bango la barabarani.

"Ukuta umetulia, na rangi ya jioni nimeipenda," alianza Bi Kivuli. "Lakini kivuli cha mti kinakwenda kushoto, cha nguzo kinakwenda kulia. Huko kwenu kuna majua mawili?"

"Nisamehe, mama. Moja nitalizima."

"Na nyasi hizi hazijawahi kukanyagwa? Weka kanjia, ionekane watu wanapita."

"Na watu wenyewe? Maana mara ya mwisho ulinisema mpaka nikakosa usingizi."

Alimsema kweli. Watu wa picha zilizonunuliwa mtandaoni walikuwa wamevaa makoti mazito na skafu za sufu kwenye nchi ya joto. Akamwambia atoke nje akapige picha watu wa kweli. Basi Jumamosi mchoraji akaenda bustani ya umma na kamera yake, akapiga, akawakata mmoja mmoja, akawapandikiza mbele ya nyumba.

Bi Kivuli akakuza pembe ya bustani. Palikuwa na mwanamume aliyembeba mtoto mabegani, na mwanamke amemshika kiuno. Akakuza tena, kwa mazoea tu, aone kivuli cha miguu yao. Hapo akauona uso wa mwanamume.

Alikuwa mume wake.

Shati lile la mistari alilifua yeye, akalipiga pasi yeye, Jumamosi hiyohiyo, mume akiaga kwamba ameitwa kazini. Mtoto alikuwa wa miaka mitatu hivi. Na miaka yote hiyo mume alikuwa akimwambia, "Tujenge kwanza, mke wangu, mtoto atakuja kwa wakati wake." Wakabaki kwenye nyumba ya kupanga, yeye mwenye kukosoa majumba ya wenzake. Kinyozi hajinyoi, mawifi walimtania, naye akacheka pamoja nao.

"Hao ndio najivunia," mchoraji alisema. "Mtoto alikuwa anaita baba, baba, bustani nzima inasikia. Nikamwomba mama mtu ruhusa, akasema piga tu. Baba hata hakuniona."

Njia ya mwongo ni fupi, ila nani angedhani itaishia mezani pake, akiombwa maoni? Alitaka kupiga yowe. Alitaka kusema futa, wafute wote watatu sasa hivi. Lakini mdomo ulishika utaratibu wake wa kila siku.

"Wamependeza," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kasoro?"

Aliitafuta. Alipekua mwanga, kimo, vivuli, akirudi tena na tena palepale, na hakupata hata moja. Walikaa vizuri pale kuliko yeye na mume wake walivyowahi kukaa kwenye picha yoyote. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Hakuna," alisema.

"Kwa hiyo niwaache?"

Bi Kivuli alichukua simu akapiga, na mara ya kwanza alikosea namba.

"Mume wangu," alisema alipopokelewa, "pita ofisini kabla ya mchana. Kuna picha inakwenda kuchapwa, nataka maoni yako."