Ufagio wa Chausiku

Kilima cha Ng'aavuni kilikuwa cheupe kama jino la mtoto, na weupe huo ndio uliokuwa fahari, siasa na ugonjwa wa wakubwa wake, kwani sakafu zao zilimeremeta hadi inzi akitua anateleza, na mkuu wao, Mtukufu Shibe, alikuwa haanzi kunywa chai asubuhi kabla hajainama kujitazama kidevu sebuleni. Walioufanya weupe huo walikaa bondeni, kwenye vumbi, maana vumbi nalo lazima liwe na kwao.

Sheria ya nchi ilikuwa fupi: anayefagia kwa ufagio wa mtu ni mtumishi wa mwenye ufagio, naye mwenye ufagio sharti apeleke kibaba cha mtama kila mwezi kwenye Ghala la Uzee, ili mtumishi akiugua, au akifa akaacha mgane au mjane, uji upatikane. Anayefagia kwa ufagio wake mwenyewe ni mfanyabiashara, ajijue na mbivu zake na mbichi zake. Sheria njema kabisa, ila siku ilipotangazwa wakubwa walizichoma fagio zao zote kabla jua halijatua, na tangu hapo kukutwa na ufagio ndani kulikuwa aibu kuliko kukutwa na nyoka chini ya mto wa kulalia.

Chausiku, mke wa Mbaruku, alifagia kwa Shibe miaka ishirini na miwili. Alifika saa aliyopangiwa, akafunga kilemba cha rangi aliyochaguliwa, hata kupiga chafya aliomba ruhusa. Lakini ufagio, ule wa chelewa wenye mpini wa mpera, ulikuwa wake. Basi vumbi lilipomkaa kifuani, bakuli lake lilirudi kutoka ghalani tupu. Jina halimo, wakasema. Akafa. Mbaruku akauchukua ufagio uleule, akapanda kwenda nyumba ileile, kwa kuwa tumbo halikai matanga.

Goti lake lilipoanza kuvimba, alikwenda barazani, ufagio mkononi.

"Mtukufu, nina moja tu. Chausiku aandikwe."

"Aandikwe nani, mzee wangu?"

"Mtumishi wako. Ili nami mgane wake nipate uji, nisije nikafa nimeinamia kidevu chako."

Shibe alicheka kwa upole, kicheko cha mtu aliyekula. "Mbona unamshusha marehemu? Mimi nilimheshimu. Alikuwa mfanyabiashara mwenzangu!"

"Mfanyabiashara gani anapangiwa saa ya kukohoa?"

"Ufagio ulikuwa wa nani?"

"Wake."

"Na sasa?"

"Wangu."

"Basi, tajiri, unalia nini?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mbaruku akangoja wamalize. Kungoja ndiyo shule pekee aliyoisoma hadi darasa la mwisho.

"Haya. Mimi sikusoma. Lakini mfanyabiashara si hufunga duka akipenda?"

"Hata leo!"

"Basi nimefunga."

Akauegemeza ufagio mlangoni, akaketi ngazini, akanyoosha goti. Habari ikashuka bondeni upesi kuliko maji ya mvua, na kufikia adhuhuri maduka yote ya kufagia yalikuwa yamefungwa, kila mwenye ufagio kalala nao kama mke.

Zilibaki siku tatu kabla ya Sikukuu ya Mng'ao, siku ambayo wageni wa nchi jirani huja kujitazama sakafuni, na mkuu anayekutwa na vumbi hupoteza kiti. Siku ya kwanza vumbi lilipiga hodi. Siku ya pili likajikaribisha. Siku ya tatu Shibe aliinama asubuhi akakikosa kidevu. Wakubwa walikung'uta kwa kanzu, wakapuliza kwa midomo, mmoja akajaribu kwa ndevu. Ngoma za wageni ziliposikika chini ya kilima, Shibe aliurukia ufagio pale mlangoni, akainama, akafagia. Vibaya mno, akilirudisha vumbi alikolitoa.

Karani Mtumwasi wa Ghala la Uzee, ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja tu, akauliza kwa mazoea: "Ufagio wa nani huo?"

Shibe akasimama. "Wa... si wa Mbaruku huyu?"

Karani akafungua daftari. "Basi Mtukufu ni mtumishi wa Mzee Mbaruku."

"Upuuzi! Ufagio haumfanyi mtu mtumishi!"

"Kama haumfanyi," karani akasema polepole, jasho likimtoka usoni, "basi Chausiku alikuwa mtumishi wako, naye itabidi aandikwe. Niandike lipi?"

Hakuna aliyecheka. Ngoma zilikuwa zimefika kwenye kona ya mwisho.

"Mwandike Mtukufu kwangu," akasema Mbaruku kutoka ngazini. "Mtama sina mwingi, lakini sipendi mtu azeeke bila uji." Kisha akanyoosha kidole. "Ila pembe ile bado, mwanangu."

Karani alichovya kalamu, akaishika juu ya ukurasa akimtazama Shibe, na Shibe akiutazama mlango. Tone la wino likakua, likaning'inia, likaanguka kwenye sakafu nyeupe.

Wote wakalitazama. Ufagio haufuti wino.