Mgomba wa Nashon

Wasifu wa Gavana Ivan uliingia kwenye simu yangu siku ya Alhamisi, kurasa mbili, picha yake juu akitabasamu. Aliyeutuma ni Shiro, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya hapa Maskati. Gavana alikuwa mgeni rasmi wa sherehe yetu, na mgeni rasmi hukaribishwa na mtu wa kwao. Watu wa kijiji chake tulikuwa wawili tu: mimi Enos, fundi wa kuchomelea mageti kule Darsait, na Millicent. Millicent alisema yeye atapika.

"Basi ni wewe," Shiro akaniambia. "Na usome tu yenye imeandikwa. Usituletee hotuba."

Millicent ni dada yake Nashon. Nashon alikuwa mwalimu, na mwaka Ivan alipogombea ugavana, alikuwa wakala wa mpinzani wake kwenye kituo cha kuhesabia kura. Alikataa kutia sahihi fomu ya matokeo. Jioni hiyo alitoka kituoni akapotea, na sasa ni miaka minane. Kwetu mtu asiyepatikana huzikwa kwa mgomba: shina hukatwa, likavishwa shuka, likalazwa kaburini lioze mahali pake ili apumzike. Nashon naye tulimzika hivyo, na Ivan alihudhuria akiwa gavana mpya. Alileta hema na viti, akatupa udongo wa kwanza. Aliyetumwa kuleta mgomba ni mimi.

Mwezi uliofuata nikakimbilia Omani. Miaka miwili baadaye Millicent naye akaja, na tangu hapo kila Ijumaa huniwekea chapati mbili, eti kwa sababu nilimzikia kaka. Nazila. Siku nyingine nazitapika.

Ukumbi ulikuwa Khuwair ya Kusini. Gavana aliingia alasiri, akitoka Rusayl kukagua viwanda, na nyuma yake mlinzi mmoja mwenye shingo nene. Watu wakapiga vigelegele. Nikashika maikrofoni.

"Mheshimiwa Ivan alizaliwa katika familia ya uongozi," nikasoma.

Hapo hapakuwa na uongo. Babu yake alikuwa chifu, na alichapa watu kwa mkono wake mwenyewe. Baba yake alikuwa mbunge miaka ishirini, na alilipa wengine wachape. Ivan akarithi wachapaji.

"Tangu shule ya msingi alionyesha kipaji cha uongozi."

Nikacheka, na maikrofoni ikacheka nami. Kipaji chenyewe kilikuwa kutupiganisha nyuma ya vyoo, mshindi apewe mandazi. Mimi nilishinda sana. Nilimtoboa mwenzangu jicho kwa mandazi matatu, na Ivan akanipiga bega akasema mimi ni mtu wake. Nilifurahi. Nasema kweli, sijawahi kufurahi vile tena.

"Wananchi wakamchagua kwa amani na upendo."

Wakapiga makofi. Millicent alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko kwapani, naye akapiga. Zilibaki sentensi mbili nikae chini nile. Lakini makofi yale yalinishinda.

"Si kwa amani," nikasema. "Nashon tulimvizia njia ya mtoni. Mimi nilikuwa na nyundo. Ivan alikuwa garini, kioo ameshusha. Nashon nilimpiga goti kwanza. Akakaa chini, akaniita jina langu, maana tulisoma darasa moja. Ivan akasema, 'Enos, mbona unambembeleza?' Nikampiga kichwani mara tatu. Yuko chini ya sakafu ya banda la trekta, nyumbani kwa baba yake mbunge. Saruji niliimwaga mimi."

Mlinzi alinifikia kabla watu hawajavuta pumzi. Alinisukumia maikrofoni mdomoni, nikasikia meno mawili yakikatika, na spika zikatangaza ukumbi mzima. Nikayatema. Kisha nikamkanyaga goti kwa ubavu, kama nilivyofundishwa na familia ile ile, likalia kama ukuni ukivunjika. Akaanguka akilia kama mtoto.

Ivan akapindua meza kuu. Chupa za maji zikatawanyika, kina mama wakakimbilia ukutani na watoto wao. Alinyanyua kiti cha chuma akanipiga nacho mgongoni. Akarudia. Pigo la tatu lilitua begani, mfupa wa mtulinga ukavunjika, nikapiga magoti.

"Mbwa wewe!" akapiga kelele, mate yakimtoka. "Nilisema azibwe mdomo! Nani alikutuma umuue?"

Simu kama arobaini zilikuwa hewani, zote zikimtazama. Ivan naye akaziona. Akakiweka kiti chini polepole, akanyoosha tai yake.

Saeed, msimamizi wa ukumbi, mzee wa Kiomani aliyekulia Unguja, alikuwa mlangoni, simu mkononi. "Nyie! Nnawapigia polisi sasa hivi! Hapa pahala pa harusi hapa, s'pahala pa kuuana! Yaa Rabbi!"

Millicent akaja. Watu walimpisha. Alimpita Gavana bila kumtazama, akanijia mimi, akanipiga kwa ule mwiko. Alinipiga sikioni, akanipiga mdomo uliojaa damu, akanipiga juu ya mfupa uliovunjika, mpaka mwiko ukakatika. Sikuinua mkono. Nililia, na si kwa maumivu.

"Ule mgomba ulichipua," akasema, akihema.

Sikujua. Sikuwa nimerudi nyumbani.

"Mwaka ule ule. Wazee wakasema ni uchuro, wakataka kuuchoma. Mama akawafukuza na panga. Akasema Nashon ako mahali na hajalala, ndiyo maana shina limekataa kuoza. Kila asubuhi anaupalilia. Ulikata aje, Enos?"

"Sikukata," nikasema. "Niling'oa na kitako chake."

Kwetu hata mtoto anajua kwamba mgomba wa maziko hukatwa, kitako chenye mizizi hakifuati, kisije kikachipua. Lakini siku ile nilisimama shambani na panga, na shina lilikuwa na kimo cha mtu. Mkono ulikataa. Basi nikachukua jembe, nikalichimbua zima, nikalifunga shuka upesi mtu asione. Mimi niliyempiga Nashon mwenyewe kwa nyundo, nilishindwa kukata mgomba wake.

Millicent alinitazama sana. Nje ving'ora vya polisi vilikuwa vimefika, na Ivan alikuwa mlangoni tayari, pasipoti yake ya kidiplomasia mkononi, akitafuta askari wa kumwonyesha.

"Watakurudisha kwetu," Millicent akasema. "Nitakutangulia, nikungoje na Mama. Ile sakafu utaivunja wewe. Ukishamtoa, utasimama kwa ule mgomba na panga, mbele ya Mama, tuone kama mkono utakataa tena."

Akafungua leso kiunoni, akaupitisha mkono wangu ndani, akaifunga shingoni na kukaza mpaka nikapiga yowe.

"Usife," akaniambia. "Hujamaliza kazi."