Somo Alilosamehewa

Mama Pacha aliacha chuo cha uuguzi mwaka wa pili, tumbo likimtangulia mlangoni. Pacha wake walipomzidi kimo, akarudi chuo kile kile kuomba masomo yake ya zamani yahesabiwe. Yasipohesabiwa angeanza moja na watoto wa watu, na mama mkwe aliyemshikia nyumba alishamwambia pumzi zake hazifiki mbali.

"Miaka mitatu?" alisema yule bibi, akimenya viazi. "Mwanangu, hicho cheti utakuja kunibandikia kaburini."

Mungu si Athumani. Masomo yakakubaliwa, mwaka mzima ukapungua. Hata somo la kulisha mgonjwa kwa mpira wa puani, alilofaulu enzi zile, akasamehewa.

Mkufunzi wa vitendo alimvuta kando. "Mama, umesamehewa, sawa. Lakini njoo ukae na wenzako tukifanya kwa mwanasesere. Mambo yamebadilika."

"Mwalimu, kwani siku hizi watu wanapumulia masikio?"

Darasa likaangua kicheko, mkufunzi naye akacheka. Mama Pacha hakwenda. Vipindi vile vilimkuta nyumbani, akifua.

Wodini alikuwepo mzee mmoja, fundi saa, kiharusi kimemlaza upande na kumnyang'anya sauti. Asubuhi moja mpira wake ukachomoka. Sista wa zamu alikuwa amebanwa na mgonjwa anayevuja damu, akapaza sauti: "Mama Pacha, wewe si mgeni wa hayo! Mrudishie mzee mpira ale!"

Akaurudisha. Mikono ilikumbuka yenyewe. Akasukuma hewa kwa bomba la sindano, akaweka kifaa cha kusikilizia juu ya tumbo, akasikia mbubujiko, vile vile alivyofundishwa ujana wake.

"Shangazi," alisema binti mmoja wa darasa lake, "hujavuta maji ya tumbo ukayapima asidi kwa karatasi. Sauti hiyo husikika hata mpira ukiwa pafuni."

"We mtoto, nimelisha watu kabla hujaota meno. Lete maziwa."

Mzee hakukohoa, kiharusi kilikuwa kimekula hata kikohozi. Alimkodolea macho tu, akimpigapiga kiganja kwa mkono wake mzima, na Mama Pacha akadhani anashukuru. Maziwa hayajaisha, midomo ikageuka rangi.

Alifariki siku ya tatu. Muuguzi mkuu alisema wa kiharusi ndivyo wanavyotutoka, mapafu huwasaliti. Yule binti wa darasani akatazama sakafu. Shangazi ni shangazi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mama Pacha alipiga magoti kuomba, akainuka kabla ya kufika amina.

Binti wa marehemu akaja kuchukua nguo za baba yake. Akamshika Mama Pacha mikono yote miwili.

"Dada, nimeambiwa wewe ndiye uliyemlisha mara ya mwisho. Mungu akulipe. Nilikuwa naumia asije akaondoka na njaa."

Kusema amina kulikuwa kwepesi. Neno lilishafika ulimini.

"Dada yangu, hayakufika tumboni," alisema. "Mpira niliupitisha pasipo pake. Maziwa yaliingia pafuni. Niliambiwa nipime, nikakataa."

Binti wa marehemu alimtazama kama mtu anayengoja sentensi iishe. Kisha akaiachia mikono ile, akajifuta viganja kwa shati la baba yake, polepole, kidole kwa kidole.

"Alijua?" akauliza. "Baba, alikuwa anajua kinachompata?"

"Alijua."

"Twende ukayaseme hayo kwa mkubwa wako."

Wakaifuata korido, yule dada mbele, kifurushi cha nguo kifuani. Muuguzi mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akainuka akafunga mlango.

"Mama Pacha, bado nafasi unayo. Sema umechanganyikiwa na msiba wa watu. Ukishikilia hili, chuo kitakufukuza, na masomo yako yote, mapya na ya kale, ndiyo basi."

"Sikuchanganyikiwa, sista."

Yule dada akaketi kwenye kiti cha pembeni bila kukaribishwa. "Anza upya," alisema. "Tangu mpira ulipochomoka."

Mama Pacha akaanza.