Kopi ya Baba

Ukoo ule ulikuwa na sheria yake kuhusu ugonjwa wao, na hakuna daktari aliyeitunga. Aliyechukua sura ya mgonjwa, basi amechukua na ugonjwa. Baba mwenye nyumba alipoanza kulalamika kwamba rangi zinamchanganya, kisha akashindwa kusoma gazeti, kisha akawa anayumba njiani mpaka wasiomjua wakamwita mlevi, watu walitazamana wakasema, si mnaona, huyu ni marehemu babu mtupu, na babu naye alikwenda hivi hivi. Ushahidi wenyewe ulikuwa watu wawili. Kwa watu wawili tu, jamani, ukoo mzima ukafunga mjadala.

Baba huyo alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza, binti, alitoka baba mtupu: paji la uso, pengo la mbele, hata ule mtindo wa kukunja mdomo akiwa anafikiri. Majirani walimbandika jina la Kopi kabla hajaanza shule, nalo likamganda. Mdogo wake wa kiume alichota kila kitu kwa mama, mpaka vishimo vya mashavuni. Siku walipomzika baba, Kopi akiwa msichana wa sekondari, shangazi yake mmoja alimkumbatia akamlilia yeye badala ya kumlilia marehemu. Kopi akaelewa anahesabiwa wapi.

Wala hakuwa mtu wa kujionea huruma. Alijifunza kupiga picha, akafungua studio karibu na ofisi za serikali, mahali ambapo watu hawaishi kuhitaji picha za pasipoti. Kazi hiyo ndiyo iliyomzidishia imani na ile sheria. Alijisifu kwamba mtoto akikaa tu mbele ya kamera yake, anajua ni wa nani kabla hajataja jina. Ukimwambia anaweza kukosea, umetafuta ugomvi.

Fundi saa aliyekuwa na meza yake chumba cha pili alimpenda. Alikuwa mtu mpole, mwenye utani wa chini chini, na alileta posa kwa adabu zote. Kopi naye alimpenda, alimpenda hasa, mpaka akimsikia anakohoa upande wa pili wa ukuta anatabasamu peke yake. Akamkataa. Alimwambia simtaki mtu kama wewe, tena kwa ukali ili asirudi. Alikuwa amemwona mama yake akimlisha baba kwa kijiko kwa miaka, akaapa hatamtwisha mtu mzigo ule, wala hatazaa mtoto wa kuurithi. Fundi saa akahamisha meza yake, akaoa kwingine.

Watafiti wa chuo kikuu walikuja baada ya hapo. Waliwakusanya ndugu wote kwenye ukumbi wa shule, wakachora mti wa ukoo ubaoni, wakachukua damu ya kila mtu. Walieleza vizuri tu kwamba kupoteza macho na kupoteza mwendo ni ugonjwa mmoja, unatokana na hitilafu moja kwenye vinasaba, na mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuupata. Hawakusema neno hata moja juu ya sura. Baadaye walipoipata hiyo hitilafu, wakawatumia watu ujumbe: anayetaka kujua hali yake aje kliniki, asiyetaka hatalazimishwa.

Wakati huo mdogo wake Kopi, ambaye alikuwa fundi rangi wa nyumba, alikuwa na mchumba. Akaja studio na ovaroli lake lenye madoa.

"Dada, nataka nikapime kabla sijaoa."

Kopi aliangua kicheko. Alimshika kidevu akamgeuzia kwenye kile kioo ambacho wateja hujitengenezea nywele.

"Ukawaulize nini? Hebu jiangalie. Wewe una cha baba hata ukucha? Nenda kaoe, bwana wee. Zaa, uzae na wa kwangu."

Naye, kwa kuwa alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia hivyohivyo, akaenda akaoa. Kopi mwenyewe hakukanyaga kliniki. Akaulize nini, na jibu analo usoni?

Ndugu yule alijaliwa binti mmoja, na binti, loo, akatoka shangazi mtupu. Paji lilelile, pengo lilelile. Watu wakamwita Kopi Ndogo. Mtu mwenye akili angeuliza mtoto atarithije kwa babu kitu ambacho baba yake hana, lakini sheria ile haikuwa ya kuulizwa maswali. Kopi alimpenda mtoto yule kuliko roho yake. Akamlea pale studio, akamfundisha kamera, na binti alipokua akamsimulia habari za fundi saa, mwanzo hadi mwisho, kama somo. "Sisi wawili tujitegemee," akamwambia. "Akija wa kukutaka, mkate mapema, asije akateseka."

Kopi alivuka hamsini akiwa bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Watu wakimshangaa, anawajibu kwamba ugonjwa umechelewa tu, uko njiani. Mtu akishaamua, kashaamua.

Kisha mwenye nyumba mmoja akamfokea fundi rangi. Aliomba sebule yote iwe rangi ya maziwa, akakuta ukuta mmoja wa kijani kilichopauka. Fundi alicheka, akasingizia taa. Siku nyingine akakosa ngazi akaanguka, akasingizia viatu. Kopi alikuwa mlangoni pa studio alipomwona anavuka barabara kuja kwake, ametanua miguu, anakanyaga chini kama mtu anayepima kina cha maji. Mwendo ule aliujua. Alirudi ndani akakaa kwenye stuli ya wateja, na mdogo wake alipoingia akamwomba waende kliniki.

Walikwenda kliniki pamoja, wakatolewa damu, wakaitwa kila mtu kwa wakati wake. Mdogo mtu alitangulia. Alipotoka alimgusa tu dada yake begani akakaa kwenye benchi. Kopi akaingia akiwa amejiandaa kufarijiwa, na kusema kweli alikuwa na haraka ya kumalizana nao arudi kwa ndugu yake.

Mshauri alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. "Mama, majibu yako yametoka. Hiyo hitilafu huna."

"Mmechanganya chupa."

"Hatujachanganya, mama."

"Binti, nitazame usoni. Mimi ni baba yangu mtupu. Mwulize yeyote."

"Nakuamini. Ila sura ina njia zake nyingi, na ugonjwa huu una njia yake moja. Umechukua paji, umechukua meno, hicho kimoja hukukichukua. Mdogo wako, na ameniruhusu nikuambie, ameacha vyote, akachukua hicho."

"Rudieni kupima!"

"Tumerudia. Hata ile damu uliyotoa zamani ukumbini ilishapimwa tangu wakati ule. Jibu ni lilelile."

Kopi akauliza, safari hii kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo miaka yote hiyo lilikuwapo?"

"Lilikuwapo, mama. Lakini haturuhusiwi kumwambia mtu ambaye hajaomba kuambiwa."

Mtu mwingine angepiga vigelegele. Kopi alishikwa na hasira, hasira isiyo na wa kumpelekea. Nyuma ya hasira yakaja majuto, na hayo yalikuwa na anwani. Alimwona mdogo wake pale mbele ya kioo, kidevu kimo mkononi mwake, amekuja na akili zake timamu kutaka kujua, na yeye anamcheka. Alimkumbuka fundi saa alivyozifungasha koleo zake ndogo bila kugeuka. Alitoka mle chumbani.

Kwenye benchi mdogo wake aliinua uso, hamwoni sawasawa. "Wamesemaje, dada?"

"Sina."

Alimrukia akamkumbatia. "Huna? Alhamdulillahi! Hongera, dada yangu, hongera sana!" Alifurahi kweli, hakuwa anajikaza. Kopi alilia begani mwake, naye akadhani ni machozi ya furaha, akawa anampigapiga mgongoni na kumtania kwamba sasa atafute mchumba.

"Nisamehe," Kopi akasema. "Ulitaka kupima, nikakuzuia."

"Aa, dada. Ningepima, yule binti yangu nisingempata."

Aliposema binti, Kopi alishtuka. Binti yuko studio, na kichwani ana somo alilofundishwa na shangazi yake. Na kulikuwa na kijana wa duka la dawa. Mwaka uliopita kijana yule alikuja kupiga picha za pasipoti mara nyingi kiasi cha kutosha abiria wa ndege nzima, na binti alikuwa akichana nywele kila akimwona kwa mbali. Kisha kijana akaacha kuja, na Kopi hakuuliza. Wacha tuseme ukweli, alishusha pumzi. Sasa alimrudisha mdogo wake nyumbani kwa mkewe, akachukua njia ya studio mbio mbio na umri wake ule, akijiambia muda bado upo, mtoto ana miaka ishirini na ushei tu.

Alimkuta binti mezani anakata picha.

"Mwanangu, acha hiyo kazi. Nimekudanganya." Akamweleza yote bila kuremba: baba yake anao, yeye hana, sura si kitu, haijawahi kuwa kitu. Binti alisikiliza, mkasi mkononi.

"Na mimi je, shangazi?"

"Nusu kwa nusu. Labda unao, labda huna. Hakuna wa kujua kwa kukutazama, na mimi wa kwanza. Lakini hukukatazwa kupendwa, mama. Mpigie simu yule kijana wa duka la dawa. Mwambie kila kitu, aamue mwenyewe."

"Ile harusi ya Jumamosi niliyokwenda kupiga picha peke yangu, ulidhani ya nani?"

Kopi akatafuta kiti.

"Alinitaka, shangazi. Alisema atanisubiri. Nikamwambia simtaki mtu kama yeye. Nilisema kwa ukali, kama ulivyonifundisha." Hakuwa analia. Alikuwa anapanga picha za watu nne nne, zikae sawa. "Akaniomba angalau nimpigie picha za harusi, kwa kuwa anaijua kazi yangu. Zimetoka vizuri."

"Mungu wangu. Nisamehe, mwanangu. Twende kliniki kesho, twende wote, nitakushika mkono. Huenda wakakuambia huna! Utafurahi."

Binti alimtazama kwa uso ule wao mmoja.

"Kama ulivyofurahi wewe, shangazi?"

Mteja alikuwa ameshaingia, anataka picha za pasipoti, na binti akamkalisha kwenye stuli, akamwomba ainue kidevu kidogo.