Taya Lililolala kwa Chumvi

Kaka yake fundi wa meno ya bandia hakuitwa Chumvi kwa ajili ya mapishi. Jina hilo alipewa kwa simulizi zake. Alishaapa kwamba redio moja aliyoitengeneza ilisoma taarifa ya habari ya kesho yake, na mwenye redio akairudisha kwa hofu ya kusikia tanzia yake.

Asubuhi hiyo fundi hakuwa na hamu ya kucheka. Kampuni inayomhifadhia barua pepe ilikuwa imezimikiwa na mitambo, na sanduku lake halifunguki. Humo ndimo daktari wa meno alimoahidi kutuma picha mpya ya taya la mwalimu mkuu kabla hajapanda ndege. Sasa daktari yuko angani, simu imezimwa. Mwalimu mkuu anastaafu kesho, na hotuba ya kuaga haitolewi kwa fizi tupu.

Mezani palikuwa na kalibu ya plasta ya taya hilohilo, ya mwaka jana. Angeweza kuitumia. Lakini fizi husinyaa, na meno yaliyokaa vizuri mwaka jana yanaweza kumtoa mtu machozi mwaka huu. Na asipoanza kabla ya adhuhuri, hamalizi.

Chumvi akaingia bila hodi. "Mbona umenuna kama jino bovu, dada?"

"Barua zangu zimepotea."

"Hazijapotea. Zimelala kwangu."

"Kaka, leo sitaki."

"Si nilikwambia nimekuwekea seva ya akiba? Ile mashine chini ya kitanda?"

"Ulisema pia inapika chai."

"Inapasha tu. Sikiliza. Barua ikikuta mlango wako umefungwa, haitupwi. Anwani yako ina mlango wa pili, nao uko kwangu. Mashine inaipokea, inaikalisha, halafu kila baada ya muda inakwenda kuchungulia kwako. Ukifungua tu, inakukabidhi."

Akamwonyesha simu. Kwenye kioo palikuwa na anwani ya daktari na ukubwa wa mzigo aliotuma. Fundi akaguna; hayo hata yeye angeweza kuyaandika.

"Basi ifungue."

"Bahasha naiona. Kutoa cha ndani sijui."

"Hujui?"

"Sijui, dada. Nilijifunza kupokea na kukabidhi. Nikianza kuichokonoa naweza kuiharibu."

"Na hiyo kampuni itarudi saa ngapi?"

"Hilo nalo sijui."

Fundi akaweka chini kisu cha nta. Amekua na mtu huyu, wamegombania blanketi moja, na neno "sijui" hajawahi kulisikia kinywani mwake. Ukimuuliza Chumvi umri wa mwezi atakutajia, na mkunga aliyeuzalisha. Leo amelitamka mara tatu, macho yako sakafuni. Anayetaka kudanganya angekuja na saa kamili mkononi.

Akaifunika kalibu ya zamani kwa kitambaa, akakaa.

Wakangoja. Jua likapanda dirishani, vumbi la plasta likielea. Fundi aliiwaza ile mashine chini ya kitanda, imeshika kisicho chake, haikisomi, inabisha mlango uliofungwa, inarudi, inabisha tena bila kununa. Akamtazama kaka yake akikuna goti, akajiuliza ni mangapi ya kweli aliyowahi kumwambia yakapita kama mzaha.

Adhuhuri ilikuwa imekaribia kompyuta ilipolia. Barua moja, ya tangazo la viatu. Nyingine. Halafu ya daktari.

Fundi akaifungua picha, akaisogeza kalibu ya zamani pembeni yake. Upande wa kushoto fizi ilikuwa imeshuka, kiasi cha unene wa ukucha. Kiasi hicho kingetosha kumfunga mtu mdomo mbele ya shule nzima. Akapitisha kidole juu ya plasta, pole pole, kisha akawasha moto wa kuyeyushia nta.

"Na kama ningekuwa nimekudanganya?" Chumvi akauliza.

"Ungetoka hapa na kazi yangu mdomoni," fundi akajibu bila kugeuka. "Seti nzima, juu na chini."