Mguu Uliokanyaga Cherehani

Fundi alikuwa anakata shingo ya gauni la mteja aliposikia cherehani cha binti yake kinakimbia. Akainua macho. Tangu asubuhi moja, wiki kadhaa nyuma, binti alipoamka akaukuta mguu wa kulia hausikii lolote, alikuwa akiuburuta kama gunia. Sasa alikuwa anashona huku akicheka hadithi aliyokuwa akisimulia shangazi yake, aliyekaa kando, na mguu ule ule ulikuwa unakanyaga sawasawa na mwenzake.

Fundi akatupa mkasi. "Kumbe unaweza! Vipimo vyote vile vya hospitali, kumbe unaigiza!"

Cherehani kikasimama. Binti akautazama mguu, akaulazimisha. Wapi.

"Wifi, si nilikwambia?" shangazi akadakia. "Huyo anadeka. Kama hadeki, basi kapandisha mashetani."

"Mama, siigizi," binti akasema. Tangu hapo hakugusa tena cherehani, wala hakumtazama mama yake usoni.

Daktari aliyempima hospitali alishawaambia waende kliniki ya afya ya akili. Fundi alikuwa anapiga chenga: watu watasema nini, nani atamletea nguo? Safari hii alimpeleka mbio, lakini alikwenda kumshtaki mwanawe.

Daktari wa pale alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamlaza binti kitandani. "Mama, weka mkono wako chini ya kisigino hiki kibovu. Binti, kikandamize." Fundi hakusikia uzito wowote kiganjani. "Haya, achana nacho. Inua ule mguu mwingine, ulio mzima."

Fundi akashtuka. Kisigino kilikuwa kinamkandamiza kiganja barabara.

"Ndivyo ugonjwa huu ulivyo," daktari akasema. "Akiuamuru mguu, amri inapotea njiani. Akiusahau, unakwenda. Haigizi, mama, wala hana mashetani. Na unatibika, kwa mazoezi na mazungumzo. Ile siku ya cherehani ulipewa habari njema, ukaipigia kelele."

Fundi alibaki ameshika kisigino kile. "Asante, daktari," alisema mwishowe. Kisha kwa binti, kwa sauti ndogo: "Nisamehe, mwanangu."

Binti akageuza uso, akaanza kuvaa viatu.

Nje, kwenye benchi, alikaa mteja mmoja wa Fundi, midomo haina breki. "Heh, Fundi! Na wewe umefika huku kwa vichaa?"

Binti akainamisha kichwa, akisubiri mama atunge uongo wa kuumwa jino.

"Nimemleta mwanangu," Fundi akasema, na benchi zima likasikia. "Anaumwa mguu, na hapa ndipo unapotibiwa. Gauni lako liko tayari, dada. Ukiogopa kulifuata kwangu, nitakuletea."

Mteja akacheka kidogo, akasogea kuwapa nafasi. "Nitalifuata mwenyewe. Mimi namsubiri mdogo wangu, yuko ndani."

Walipopewa tarehe ya mazoezi na kuinuka kuondoka, binti akaushika mkono wa mama yake. "Mama, tupige soga. Ya shangazi, ya yeyote. Ila usiuangalie mguu."

Mama mwenzangu unayesoma, shika hilo: mguu wa mwanao ukienda wenyewe, usipige kelele. Shukuru, ufunge mdomo.

Wakaenda wakimsengenya shangazi, binti akicheka. Mlio wa kuburuta ukapungua, ukarudi, ukapungua tena. Shingo ilimwasha Fundi, ikitaka kugeuka, lakini macho aliyaweka mbele, akimshukuru Mungu kwa kila hatua asiyoiona.